Unasali Wapi? Jaribio la Kuwaainisha Waliotoka

Utafiti huu ulianzia kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali, Jumatatu asubuhi, nyuma yangu kukiwa na foleni ya watu kama kumi na tano, wengi wao wakikohoa. Dada wa mapokezi alikuwa anajaza faili langu jipya. Jina, umri, unakoishi, namba ya simu, ndugu wa karibu. Dini? Mkristo. Dhehebu?

Nikanyamaza.

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, lina sehemu tatu na tanbihi mbili, na mzee aliyekuwa nyuma yangu alishaanza kuguna. Dada akainua macho, akalisoma tena jina la ukoo alilokwisha kuliandika, akaniuliza, "Kaka, kwenu wapi?"

"Machame."

Akaandika KKKT, akanisukumia faili. "Dirisha namba nne, ukalipie."

Nilikaa kwenye benchi la kusubiria nikiitazama ile KKKT ya kalamu ya bluu. Dada yule alikuwa amemaliza kwa sekunde sita kazi iliyonishinda kwa miaka kumi na minane, na hakuniuliza hata chembe ya ninachoamini. Kumbe elimu hii ipo, ina kanuni zake, na walimu wake wako mapokezi. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika, na mimi siku hiyo nilikuwa na muda, maana dirisha namba nne mtandao ulikuwa umekata.

Tuanze na njia za utafiti, kama desturi inavyotaka. Sampuli ni mtu mmoja. Mtu huyo ndiye mtafiti, ndiye msaidizi wa utafiti na ndiye mfadhili, jambo lililorahisisha sana upatikanaji wa kibali. Data zilikusanywa misibani, kwenye vikao vya harusi, ndani ya mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, na kwenye simu ya mama kila Jumapili saa moja jioni. Takwimu za serikali hazikufaa kitu. Mara ya mwisho sensa ya Tanzania kuuliza dini ya mtu ilikuwa 1967. Karani aliyekuja kwangu Agosti 2022 aliuliza nyumba imeezekwa kwa nini, maji nachota wapi na choo changu ni cha aina gani, akaaga bila kuigusa roho yangu. Wakenya wao wameendelea kuuliza. Sensa yao ya 2019 iliwakuta watu 755,750 wasio na dini, wakapewa mstari wao kwenye jedwali. Sisi huku hatuna mstari. Serikali ilipoacha kuuliza, kazi ikachukuliwa na majirani.

Na majirani wana swali moja: Unasali wapi?

Ulitazame vizuri. Halikuulizi kama unasali. Hilo limeshapita bila kupingwa. Halikuulizi unamwomba nani, wala anakujibu nini. Kitenzi chenyewe kimemaliza uchunguzi wa kwanza, maana Mwislamu angeulizwa anaswali wapi, na hiyo w moja ndiyo ukuta kati ya kanisa na msikiti. Kinachotafutwa ni mahali tu. Na Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina ngeli tatu nzima kwa ajili ya mahali: PA, KU na MU. Neno kanisani linazikubali zote. Kanisani pana watu. Kanisani kuna watu. Kanisani mna watu. Anayedhani sentensi hizo tatu zinasema jambo lilelile hajawahi kukaa kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Napendekeza, basi, waliobatizwa wote wagawanywe kisarufi. Natambua kwamba baba wa fani ya uainishaji, Linnaeus wa Uswidi, aliyetoa mpangilio wake wa viumbe mwaka 1735, hakuwahi kufikiria ngeli za mahali. Lakini naye alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, wazazi wakitaka awe mchungaji, akawakwepa na kuishia kuhesabu viungo vya maua. Namchukulia kuwa mwenzangu.

Watu wa MU ni wale ambao, wakitajwa, husemwa yumo. Mzee wa kanisa yumo. Mwanakwaya yumo. Mama anayejua funguo za stoo ya viti zinakaa kwa nani, huyo yumo kabisa. Mtu wa MU ana namba ya bahasha ya ahadi na anaijua kwa kichwa, tofauti na namba yake ya NIDA, ambayo hakuna binadamu anayeijua kwa kichwa. Huyavumilia matangazo ya Jumapili mpaka mwisho, hata yale ya kiwanja kinachouzwa. Sayansi haina mengi ya kusema juu ya kundi hili. Limetulia, linazaana vizuri, halihitaji hifadhi.

Watu wa PA ni yupo. Huonekana mahali dhahiri kwa sababu dhahiri: kipaimara cha mtoto wa dada, ndoa ya mfanyakazi mwenzake, Krismasi. Ukimtafuta utamwona pale, benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na mlango, funguo za gari mkononi.

Waliobaki ni watu wa KU, na hawa ndio shabaha yangu. Mtu wa KU ukimuuliza anasali wapi, atakujibu, "Huko huko." Nimelirekodi jibu hili mara nyingi kuliko jingine lolote, na naliona ni kazi ya fundi. Halidanganyi, kwa kuwa halijasema kitu. Muulizaji naye huitikia "Aaa, sawa," akiamini ametajiwa kanisa analolifahamu.

Ndani ya KU mna spishi nyingi. Ya kwanza, Mhamaji, inaniwia vigumu kuiita ya waliotoka, maana amehama nyumba bila kulala nje hata usiku mmoja. Jana Mlutheri, leo ameokoka na anasali kwenye turubai lenye spika nne kubwa, au ameifuata Sabato na Jumamosi humpati kwa simu. Mhamaji hana shida na swali letu. Analingoja. Ana ushuhuda uliopangwa, wenye usiku, ugonjwa, sauti na tarehe, na akimaliza atakualika. Spishi ya pili ni Aliyevushwa na Ndoa. Nyumbani kwetu wazee walikuwa wakisema mwanamke hana dhehebu, na dada zangu wawili wameithibitisha kauli hiyo, mmoja akawa Mkatoliki wa Kibosho, mwingine Mwanglikana wa Muheza. Ninavyowaona, wote wawili wanaimba kwa bidii kuliko waume zao. Ya tatu ni Mtafuta Usharika, ambaye amehamia mjini na "bado hajapata kanisa la karibu." Nina kielelezo kimoja cha spishi hii, jirani yangu wa Kimara, ambaye amekuwa akitafuta kwa miaka kumi na mmoja katika mtaa wenye makanisa manne, moja likiwa limepakana na ukuta wake wa nyuma.

Ya nne inajulikana kwa mlio wake: "Mimi namwamini Mungu, ila siyo dini." Mlio huu husikika zaidi baada ya saa tatu usiku, penye nyama choma. Nisiidharau, nimeshawahi kulia hivyo mwenyewe. Kasoro yake ni ya kiutendaji. Jaribu kumwambia dada wa mapokezi.

Spishi ya tano, Msafiri wa Desemba, imezua mabishano makali kati yangu na mimi. Wachaga hurudi mlimani Krismasi. Hilo halina haja ya ushahidi, tazama barabara ya Segera kuanzia tarehe 20. Msafiri wa Desemba mwaka mzima ni KU. Ikifika Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi anageuka PA ghafla, suti imepigwa pasi, watoto wamevalishwa soksi nyeupe. Baada ya ibada anaifuata meza ya mtunza hazina, analipa ahadi ya miezi kumi na miwili kwa mkupuo, anaandikiwa stakabadhi, anaikunja mara nne na kuiweka kwenye pochi nyuma ya leseni. Kwa dakika zile kumi ni MU. Je, ni spishi moja yenye makazi matatu, au ni spishi tatu zinazovaa suti moja? Mtunza hazina, nilipomweleza tatizo hili la kisayansi, alisema yeye haoni tatizo.

Kabla ya kuingia kwenye spishi ya sita, nitaje nadharia za mtaani kuhusu chanzo cha kutoka. Mtaa haukubali kwamba mtu anaweza kutoka bila chanzo. Nadharia kuu ni ya kukwazwa. "Nani alikukwaza?" Mama aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwenda kumwona huyo mtu siku hiyohiyo. Ya pili ni ya kusoma sana, na hupendwa na wajomba. Ya tatu ni Frimasoni. Nguzo za umeme za Dar es Salaam zimejaa matangazo ya kukaribisha watu Frimasoni, na namba ya simu chini, kwa hiyo shangazi yangu hakuhitaji kwenda mbali. Niliacha kusali, miaka miwili baadaye nikanunua gari, hesabu ikakamilika. Nilimwonyesha gari lenyewe, Toyota IST ya mkono wa tatu yenye taa moja. Akalizunguka, akatikisa kichwa. "Wanaanzaga na kidogo," akasema.

Ukweli wa chanzo changu ni mchovu, na ndiyo maana haupendwi. Hakuna aliyenikwaza. Mchungaji aliyenifundisha kipaimara alikuwa mtu mwema, aliyekuja darasani na maparachichi kwenye mfuko wa koti na kuwapa waliokariri Katekisimo Ndogo bila kukwama. Nilikula maparachichi mengi. Kisha nikaja Dar, nikapanga chumba, na Jumapili moja nilikuwa uani nafua. Kengele ikalia. Nilijua ni ya kwanza, kwamba nikiitoa mikono kwenye beseni sasa hivi nitaiwahi ya pili. Mikono ilikuwa na povu. Nikaendelea na shuka. Hayo ndiyo yote. Hakukuwa na usiku, ugonjwa wala sauti, na ushuhuda wa beseni haumwaliki mtu popote.

Spishi ya sita, basi, ambayo ndiyo yangu, naiita Mlutheri Asiye na Usharika. Dalili zake ni za masalia. Wakianza wimbo wowote wa kwenye *Tumwabudu Mungu Wetu*, kifua kinachukua besi chenyewe, hata kama ni msibani kwa watu nisiowajua na nimekuja kumsindikiza bosi. Kwenye misa ya Wakatoliki, wenzangu wakipiga magoti, mimi nabaki nimekaa, mgongo umenyooka kwa ukaidi ambao sijui unamtetea nani. Simwamini Luther kiasi hicho. Akiingia mtu na "Bwana asifiwe," mdomo unasema "Amina" kabla sijashauriwa. Nikialikwa chakula na hakuna aliyeomba, nakishika kijiko bila kukitumia, nikijifanya nasubiri kipoe.

Kuhusu kuamini kwenyewe, utafiti umekutana na upungufu wa vifaa. Kuna siku naamini. Kuna majuma mazima nasahau kwamba kulikuwa na swali. Mwanangu alipochemka kwa homa usiku wa manane nilisikia mtu anaomba mle chumbani, kwa maneno ya zamani kabisa, yale ya kitabu, na alikuwa na sauti yangu. Asubuhi homa ilishuka, nami nikampeleka hospitali, na sikumwambia mtu. Dhehebu halimo kwenye tukio hilo. Au limo lote, bado nachambua.

Hapa ndipo lazima nimlete mmisionari Bruno Gutmann. Walutheri wa Leipzig walifika Machame 1893. Mapadri wa Roho Mtakatifu walishashika Kilema, na baadaye Kibosho. Matokeo yake ni kwamba mlimani kwetu dhehebu ni jiografia. Ukitoka Machame kwenda Kibosho unavuka mto mmoja na Matengenezo yote ya karne ya 16, na huhitaji kuvua viatu kwa zaidi ya dakika mbili. Gutmann alikuja 1902, akakaa Kilimanjaro, kwa vipindi, mpaka 1938, akaandika mno, kikiwemo kitabu kikubwa cha sheria za Wachaga kilichotoka 1926. Wazo lake lilikuwa kwamba kanisa lisipandwe juu ya mtu mmojammoja anayejiamulia, bali juu ya mafungamano yaliyokuwepo: ukoo, ujirani, rika. Wanateolojia wamemlaumu kwa hilo, na wana hoja. Lakini mimi namlaumu kwa jambo dogo zaidi: alifaulu. Alipofunga kanisa na ukoo na ujirani kwa kamba moja, alinifungia mlango wa kutokea. Ningekataa fundisho, fundisho lingeniacha. Majirani wangu nitawaachaje? Rika langu je? KKKT yenyewe, kama chombo kimoja, ilizaliwa 1963, makanisa saba yalipoungana, na mama yangu alikuwa ameshabatizwa. Mama ni mkubwa kuliko kanisa lake. Kutoka kwake kanisani kungekuwa sawa na kihamba kutoka kwenye migomba.

Ndiyo maana "Unasali wapi?" ukiichimba sana unakuta udongo. Kinachoulizwa ni nani atakuzika. Nililielewa hili kwa baba mdogo. Alikaa miaka zaidi ya ishirini bila kukanyaga kanisani, mcheshi, fundi redio, mtu wa watu. Alipofariki, jeneza halikupelekwa kanisani. Kengele haikulia. Alikuja mwinjilisti peke yake, bila kanzu, akasimama kihambani chini ya mgomba na kusoma kwa haraka, kama mtu aliyeacha pikipiki inaunguruma barabarani. Waombolezaji walikuwa mia tatu na hakuna kwaya. Ndipo wazee wa ukoo, wale waliokuwa wakimsema kila Krismasi, wakaanzisha wimbo wenyewe. Besi ilipungua upande wa kushoto, nikasogea.

Mwaka huohuo, Desemba, niliamua kujigeuza Msafiri. Sikuwa na imani mpya. Nilikuwa na hofu ya kale ya kulazwa chini bila kengele, na nilikuwa na bonasi. Baada ya ibada watu walimiminika nje kwenye mnada: mayai, kuku, mikungu ya ndizi, boga moja kubwa lililonunuliwa na kurudishwa sadaka mara tatu. Mama alikuwa mstari wa mbele, akipandisha bei ya mkungu wa ndizi aliouleta mwenyewe asubuhi. Mimi nikaenda kwenye meza ya ahadi. Mzee wa kanisa alikuwa na daftari kubwa, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Namba yako ya bahasha?"

"Sina, mzee. Nadhani ilishafutwa. Nimekuja kuanza upya, na kama kuna deni la nyuma, nielezwe."

Akaniuliza jina. Nikamwandalia jibu langu refu, lile lenye sehemu tatu, nikiwa tayari kumweleza kuhusu Dar, na kazi, na kwamba mtu anaweza kuwa huko bila kuwa kinyume. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anashusha kidole kwenye ukurasa, polepole, jina kwa jina, midomo ikicheza.

"Yumo," akasema.

Akaligeuza daftari nione. Mstari wangu ulikuwa umejaa, Januari hadi Desemba, elfu mbili mbili, kalamu ya bluu. Akafungua la mwaka wa nyuma yake, likawa hivyohivyo. Mstari wa juu yangu ulikuwa wa mama, naye elfu mbili mbili, mtu ambaye hajawahi kupokea mshahara.

"Hudaiwi kitu," akasema mzee, akinitazama juu ya miwani. "Laiti wote wangelipa hivi."

Nikageuka. Mnadani mkungu ulikuwa umeshauzwa, na aliyeununua ni mama. Alikuwa amesimama karibu nao, anatazama upande wa mlima, kwa makini sana kwa mtu ambaye ameuona mlima ule kila siku ya maisha yake.

"Baba," akaniita bila kugeuka, "njoo ubebe ndizi. Nzito hizi."